Mwaka Tulioishi na Delmira

Televisheni ile, kabla haijaonyesha picha, ilitoa harufu kwanza. Ilikuwa harufu ya vumbi linalopata joto polepole na ya plastiki mpya, na juu yake ukali kidogo wa maji ya betri, kwa sababu tuliiwasha kwa betri ya gari iliyowekwa ndani ya beseni kuukuu chini ya meza. Harufu hiyo ilichanganyika na ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na ya moshi wa kuni uliong'ang'ania kwenye khanga za akina mama waliokaa kwenye mkeka. Kisha ilikuja sauti kama ya mvua nyembamba, chenga nyeupe zikajaa kwenye kioo, na mtu mmoja akatoka nje kuzungusha mlingoti wa antena huku sisi tukimpigia kelele kutoka ndani, "Bado! Bado! Acha hapo hapo!" Ndipo uso wa Delmira ulipojitokeza, umepinda kidogo upande mmoja, una machozi. Karibu kila siku tulimkuta analia. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na katika nyumba ile ya Kibosho, juu ya mji wa Moshi, Delmira ndiye mtu niliyemfahamu kuliko wote.

Nilifika pale mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zikiwa zimeanza, nikiwa nimevaa viatu vya shule vya Dodoma ambavyo havikuwahi kukutana na tope la mlimani. Mama yangu alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa muda mrefu, ambao watu wazima waliutaja kwa kushusha sauti. Baba alikuwa dereva wa malori ya masafa, leo yuko mpaka wa Zambia, kesho Burundi, na hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto wa kike. Akanileta kwa Filomena, mdogo wake mama, ambaye mimi nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya mazishi. Baba alikunywa chai akiwa amesimama mlangoni, akanishika kichwani, akasema, "Mtii mama yako mdogo, Yustina," kisha akateremka kwa miguu kuelekea barabarani. Nilimsikiliza akienda mpaka sauti ya viatu vyake ikamezwa na migomba. Migomba ya Kibosho inafunika kila kitu. Jirani anaweza kuwa hatua chache kutoka kwako, ukasikia anakohoa na kuku wake wanagombana, lakini usimwone. Mimi niliyezoea uwazi wa Dodoma, mahali ambapo unamwona mgeni akiwa bado mbali na una muda wa kujiandaa, nilihisi kama nimewekwa ndani ya sanduku la kijani na kifuniko kikafungwa.

Mama hakuwahi kunifundisha Kichagga. Sijui kama alidhani hatutakihitaji, au aliona baba, ambaye ni mtu wa Kondoa, angejisikia mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Basi nilipokwenda kuchota maji kwenye mfereji pamoja na wasichana wa jirani, waliongea na kucheka wao kwa wao, nami nikacheka walipocheka, nikichelewa kidogo. Hawakuwa wabaya. Shuleni tuliongea Kiswahili kama kawaida, lakini nje ya lango la shule kila mtu alirudi kwenye lugha ya nyumbani kwao, kama watu wanaovua sare, na mimi nikabaki na sare yangu. Mama mdogo alinisemesha Kiswahili, ila maneno yake yalikuwa machache. Umekula? Umenawa miguu? Fungia kuku. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye mikono ya kazi, na alikuwa na tabia ya kusimama ghafla katikati ya shughuli, ndoo mkononi, akisikiliza kitu upande wa barabarani. Mimi nilidhani anasikiliza mvua.

Nyumba ilikuwa kubwa mno kwa watu wawili. Baba mdogo Deo, mume wake, aliijenga kwa matofali ya saruji wakati kahawa bado ina bei, akaweka vyumba vya watoto kabla watoto hawajaja. Watoto hawakuja. Baadaye bei ya kahawa ikaanguka. Wanunuzi binafsi walipanda mlimani na magari yao, wakanunua kwa kelele nyingi, msimu uliofuata wengine hawakuonekana kabisa. Wanaume wengi waliiacha mibuni izeeke bila kupogolewa, wakashuka kutafuta biashara mjini. Deo alishuka kuuza vipuri vya magari. Mwanzoni, nilisikia baadaye, alirudi kila Jumamosi, halafu kila mwisho wa mwezi, halafu sikukuu. Vyumba vitatu vya nyumba ile vilifungwa kwa ufunguo, na usiku mbao zake zilipolia kwa baridi nilivuta blanketi mpaka machoni.

Ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ndogo ya zamani pamoja na ng'ombe wake wawili, aliishi mama yake Deo, Bibi Makrina. Nilimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo bibi," naye akaitikia, "Marahaba mjukuu," na baada ya hapo Kiswahili chetu sote wawili kikaisha. Kwa mama mdogo aliongea Kichagga, kwa sauti ya chini isiyo na haraka. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilimwona mama mdogo anavyoendelea kukata majani ya ng'ombe, panga likienda taratibu zaidi na zaidi mpaka linasimama. Nilijua ni maneno gani: ya vyumba visivyo na watoto. Kuna maneno mtoto huyaelewa kwa kutazama mgongo wa anayeambiwa.

Krismasi ilipofika mlima ulijaa watu. Kila aliyekuwa Dar, Mwanza au Arusha alirudi nyumbani, magari yakakwama kwenye tope, mbuzi wakachinjwa, mbege, pombe ya ndizi, ikapita mkono kwa mkono. Deo naye alikuja kwa pikapu, amenenepa, amenyoa vizuri, na nyuma ya pikapu kulikuwa na katoni kubwa iliyofungwa kwa kamba. Ndiyo ile televisheni. Aliifunga mwenyewe mbele ya ukoo mzima, akasimamisha mlingoti, na picha ilipotokea mara ya kwanza watu walipiga makofi. Aliniita "binti yangu" na kunipa soda. Mama mdogo alivaa gauni la bluu nililokuwa sijawahi kuliona, na kwa siku zile chache alicheka, akaimba jikoni. Mwaka mpya ulipopita Deo akawasha pikapu. "Nitakuja Pasaka," alisema kupitia dirishani. "Sasa mna kitu cha kuwachangamsha." Alipoondoka, tulikaa sebuleni mimi na mama mdogo, tukakitazama kile kioo kilichozimwa. Sura zetu zilionekana humo, ndogo na nyeusi, kila moja upande wake.

Delmira alianza mwezi wa pili. Ilikuwa tamthilia ya nchi za mbali, watu wake wakisema lugha yao na juu yake kukiwa kumepandikizwa Kiingereza, hivi kwamba midomo ilifunga na maneno yakaendelea. Hakuna kati yetu aliyekijua Kiingereza. Mimi wa darasa la tano niliweza kutaja jina langu na rangi chache. Lakini hadithi tuliielewa, au tuliamini tumeielewa. Delmira alikuwa mfanyakazi wa ndani kwenye nyumba ya matajiri wenye mashamba ya malimau. Fabrisio, kijana wa nyumba ile, akampenda na kumwoa. Mama yake Fabrisio hakumtaka. Jina la mama huyo hatukulishika, tukamwita Mama Mkufu, kwa sababu ya mkufu wa lulu ambao hakuuvua hata kitandani. Mama Mkufu akamsingizia Delmira wizi, akamfukuza, na Delmira akaambiwa mtoto aliyemzaa amekufa, kumbe yuko kwa masista. Kila jioni ng'ombe walipokwisha kukamuliwa, akina mama wa jirani walipenya kwenye migomba mmoja mmoja, wakajaa kwenye mkeka wetu. Nyumba iliyokuwa kimya tangu Januari ikapata pumzi.

Mfasiri mkuu alikuwa Mama Priska, jirani mwenye sauti nene, aliyeeleweka kirahisi kuliko tamthilia yenyewe. Mtu akisema jambo kwenye kioo yeye alikuwa ameshalieleza. Wengine walimpinga, wakabishana kwa Kichagga, na katikati ya ubishi Mama Priska alinigeukia na kunielezea kwa Kiswahili ili nami nisiachwe. Nadhani ndipo nilipogundua kitu: mbele ya kioo kile sote tulikuwa wageni. Wote walikuwa wanakisia kama mimi nilivyokisia maisha ya Kibosho tangu nilipofika, kwa kutazama macho na mikono na migongo. Na katika kazi hiyo mimi nilikuwa na mazoezi kuliko wao. Siku moja nikasema polepole, "Yule daktari anajua mtoto yuko wapi. Delmira akimtazama, yeye anatazama chini." Walicheka. Jioni mbili baadaye daktari akaungama kila kitu, na Mama Priska akanivuta begani mpaka nikaanguka mapajani mwake. "Huyu mtoto, jamani! Huyu anaona mpaka ndani!" Nilibaki hapo mapajani kwake mpaka mwisho, nikinusa moshi na maziwa kwenye khanga yake, nikijizuia kupumua kwa nguvu asije akakumbuka kuniondoa.

Bibi Makrina alikuja pia. Alikaa kwenye kiti peke yake, fimbo kati ya magoti, na hakuna aliyemchukia Mama Mkufu kama yeye. Jioni ile Delmira aliposukumwa nje na sanduku lake likatupwa kwenye tope, bibi aligonga sakafu kwa fimbo, akasema kwa Kiswahili, labda ili hata wale wa kwenye kioo wamsikie, "Yule mama ana roho mbaya. Mke wa mtu humfukuzi kama mbwa." Mama Priska alianza kufunga upya kilemba chake. Mama mdogo aliinuka akasema anakwenda kutazama birika, akakaa jikoni mpaka watu wakaondoka. Nilipokwenda kumwangalia, moto ulikuwa umezimwa zamani na hakukuwa na birika.

Pasaka ikaja, Deo hakuja. Mama mdogo alikuwa amefagia ua mpaka chini ya mibuni na kupika kiburu, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, chungu kizima. Tulikila siku tatu. Masika yalikuwa yamekolea, mlima hatukuuona wiki nzima, na kwenye televisheni Delmira alirudi nyumbani kwa mumewe akasimama mbele ya geti la chuma akingoja afunguliwe. Alingoja jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinyeshewa. Alishika vyuma vya geti akaita, "Fabrisio!" na sauti yake tuliielewa bila mfasiri. Akina mama walifuta machozi kwa ncha za khanga. Mama mdogo, ambaye tangu tamthilia ianze alikuwa hajachangia neno, akasema kutoka kwenye kona yake, "Si aondoke tu?"

"Aende wapi?" alisema Mama Priska. "Mume wake yumo ndani."

"Hayumo. Wiki iliyopita wote tumemwona akipanda meli. Hayumo humo ndani. Asiyejua ni yeye peke yake."

Alisema hivyo taratibu, bila hasira, na alipomaliza akabaki akitazama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyesikia jambo likisemwa na mwingine. Mvua ilipiga bati. Nami nilimtazama mama mdogo kama nilivyozoea kumtazama daktari wa kwenye tamthilia, na nikaona kwamba siku zote zile, ndoo mkononi, hakuwa akisikiliza mvua.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, hakuvua gauni la bluu. "Tunashuka mjini," aliniambia. Tulipanda nyuma ya pikapu ya mtu wa ndizi, tukakaa juu ya mikungu, na kadiri tulivyoshuka joto lilipanda na koti nikalivua. Tulitembea kutoka stendi mpaka Pasua, kwenye vichochoro vya maduka madogo, redio, samaki wa kukaanga na watoto wanaosukuma ringi. Sikuuliza tunakwenda wapi. Mama mdogo hakumwuliza mtu njia. Alikuwa anaijua nyumba ile siku nyingi, lakini alikuwa hajawahi kuifikia. Mbele ya mlango wenye pazia la maua akasimama, akajifuta vumbi miguuni, akabisha hodi.

Aliyetoka alikuwa mwanamke mfupi, mdogo kwake, mwenye tepu ya fundi cherehani shingoni na mtoto mgongoni. Mwingine alishika gauni lake, mvulana wa miaka mitatu hivi, na uso wake ulikuwa wa Deo mtupu. Wanawake wale wawili walitazamana. Yule mdogo akapiga goti kidogo. "Shikamoo dada."

"Marahaba," alisema mama mdogo.

"Karibu ndani. Jua kali."

Jina lake lilikuwa Rehema. Alituletea maji ya kunywa, halafu chai, halafu akakosa cha kuleta, akakaa. Kwenye kona televisheni ilikuwa inawaka, kubwa kuliko yetu na ya rangi, na Jumapili mchana walikuwa wanarudia tamthilia ya wiki nzima. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba gauni la Delmira ni la kijani. Tulitazama, maana ilikuwa rahisi kuliko kutazamana. Delmira alikuwa getini. "Na huyu naye," alisema Rehema, "kang'ang'ania geti."

"Hajaambiwa," alisema mama mdogo.

Rehema alisema bila kugeuka, "Dada, nisamehe kama nakuudhi. Mwambie tu mtoto ana homa za mara kwa mara. Sina neno jingine. Nijue tu yupo."

Mama mdogo aliweka kikombe chini. "Nimwambie nani?"

"Baba yao. Si yuko kwako? Tangu kabla ya Pasaka."

"Mimi nimekuja nikijua yuko hapa."

Sitasahau jinsi Rehema alivyocheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, kisha akajifunika uso kwa mikono yake. Alisema amesikia habari za Mererani, kwenye machimbo, na za mwanamke mwenye baa huko, lakini hakutaka kuamini. Mama mdogo alinyoosha mikono, nikadhani anataka kumpiga. Alimfungua mtoto mgongoni kwake, akamweka mapajani, akamgusa paji la uso kwa kiganja kuona kama ana homa. Walikaa hivyo mpaka tamthilia ikaisha. Kuhusu Deo hawakusema tena. Walisema kuhusu Delmira, kwamba angekuwa na ndugu, kwamba angejua ushonaji, kwamba nywele zile azifunge basi. Tulipoaga, Rehema alitusindikiza mpaka barabarani, na mama mdogo akamwambia ampe mtoto maji mengi, asimfunike sana.

Wiki chache baadaye aliniita jikoni. Alikuwa anamenya ndizi za mtori na mikono yake haikusimama. "Yustina, mimi naondoka hapa. Nina rafiki niliyesoma naye, ana majaruba ya mpunga Chekereni, atanipa sehemu nilime. Huko kuna joto na mbu, na nyumba ni ya chumba kimoja. Bibi amesema wewe unaweza kubaki hapa. Baba yako nitampelekea habari kwa vyovyote. Unataka nini?" Tangu mama augue hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Nilikuwa nimebebwa kutoka mahali mpaka mahali kama sanduku, na watu wema. Nilipata hofu, kwa sababu nilijua kwamba nikijibu vibaya hakutakuwa na wa kulaumu. Nikasema, "Kwenda." Akaitikia kwa kichwa na kunipa kisu cha pili nimsaidie kumenya.

Televisheni alimwachia Bibi Makrina. Aliibeba mwenyewe kuvuka ua, nami nikabeba betri tukisaidiana na Mama Priska aliyekuwa analia waziwazi. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. "Ya nini hii?" aliuliza.

"Utuangalizie mwisho wa Delmira, mama."

Bibi alisema kitu kwa Kichagga. Mama mdogo alikuwa tayari amegeuka.

Chekereni iko chini kabisa, kwenye nchi tambarare ya joto, na kitu cha kwanza nilichokiona huko ni mlima. Tulipoishi juu yake hatukuuona vizuri. Huku chini ulisimama mzima asubuhi, kuanzia msitu mpaka theluji, na nilijaribu kukisia mahali ilipo nyumba yetu kwenye ule ukanda wa kijani. Mama mdogo alijifunza kulima upya, kwa sababu mpunga si migomba. Alishinda ndani ya maji mpaka magotini, miguu ikafanya vidonda, na nilipotoka shule nilikaa kwenye kichanja kuamia ndege, nikipiga debe na kurusha kombeo tangu jua kali mpaka linapotua. Hapakuwa na Mama Priska wala mkeka uliojaa watu. Jioni tulikula, tukawasha kibatari, tukasikiliza vyura. Ilikuwa kimya kuliko Kibosho. Nilimfikiria Delmira mara nyingi pale kwenye kichanja. Nilijaribu kumwondoa getini na kumpeleka mahali, lakini kila nilipomfikisha kwenye barabara nilikwama, kwa sababu sikujua anakwenda kwa nani.

Mavuno ya kwanza yalipokuwa yameanikwa, Bibi Makrina alikuja. Tulimwona akitembea juu ya kingo za majaruba kwa fimbo yake, peke yake, amevaa kitenge cha kanisani, na mkononi ameshika kitu kilichofungwa kwenye jani la mgomba. Alifungua mbele ya mlango wetu. Lilikuwa isale, lile jani refu la kijani linalopandwa kwenye mipaka ya vihamba, mashamba ya ukoo. Kwa Wachagga mtu akikuletea isale ameleta msamaha, na haijalishi alikukosea nini, halikataliwi. Mimi nilikuwa nimelisikia tu. Sikuwahi kuona mtu mzima kama yule akiinama nalo.

Mama mdogo alipiga magoti kwenye vumbi la pumba, akalipokea kwa mikono miwili. "Nimepokea, mama. Deo nimemsamehe. Na wewe nimekusamehe."

"Basi funga vitu twende nyumbani."

"Sirudi, mama."

"Umepokea isale, Filomena!"

"Nimepokea msamaha. Isale halikusema nirudi."

Bibi alimtazama muda mrefu. Upepo ulipeperusha pumba zikatua kwenye kilemba chake na hakuzifuta. "Deo ndiye amekutuma?" aliuliza mama mdogo, sasa kwa upole. Bibi akatikisa kichwa. Deo hakujua hata kama amekuja. Alikaa kwenye gunia tupu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akasema Kiswahili chake kile cha kuhesabika, "Kule juu kimya sana." Nilimletea maji, nikathubutu kumwuliza kuhusu Delmira. Alifikiri kidogo kama mtu anayetafuta jina la jirani aliyehama. Betri iliisha, alisema. Hakuna aliyekuja kuibeba kwenda kuchaji. Watu walikuwa wanakuja kwa Filomena.

Mama mdogo alimpikia wali wa mpunga wetu mpya na samaki wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Bibi alikula wote. Alipoondoka alibeba debe dogo la mchele kichwani, na mama mdogo akamsindikiza mpaka njia ya Kahe, wakienda polepole, mmoja mbele na mwingine nyuma, kwa sababu ukingo haukutosha wawili.

Miaka mingi imepita. Bibi alipofariki, mama mdogo alipanda Kibosho akakaa na wanawake wa ukoo siku zote za msiba, na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa haki gani. Watoto wa Rehema walisoma kwa sehemu kwa mchele wa Chekereni. Deo alirudi kutoka machimboni akiwa mgonjwa, akauguzwa na watoto hao hao. Mimi ni mwalimu, naishi Moshi mjini, nina watoto wawili. Tamthilia wanazotazama zimetafsiriwa Kiswahili chote, hakuna cha kukisia. Kila mmoja anatazama yake kwenye simu yake, chumbani kwake, spika masikioni, na nikiuliza yule mwanamke analia nini, wanasema, "Mama, ni ndefu, huwezi kuelewa." Mwisho wa Delmira sikuupata mpaka leo. Ningeweza kuutafuta. Sijautafuta.

Mwaka jana nilikuwa najaza taarifa za familia kwa ajili ya bima, nikampigia mama mdogo simu kumwuliza mwaka wake wa kuzaliwa. Nilipopiga hesabu niliirudia mara mbili. Yule mtu mzima wa Kibosho, aliyekuwa na mume asiyerudi, vyumba vilivyofungwa na mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa na miaka ishirini na nane. Leo nina walimu wapya shuleni wa umri huo, na huwa nawaambia nyinyi bado watoto.

"Mama mdogo," nilimwambia, "mbona hukuwa unaongea na mimi wakati ule? Jioni zote zile."

Alicheka. Sasa ni mtu wa kucheka. "Mimi? Wewe ndiye hukuwa unaongea. Ulikuwa umefiwa na mama yako, nikasema nisimsumbue mtoto, ataongea akiwa tayari." Nikasikia kuku wake wa Chekereni upande ule wa pili. "Nilikuwa nakungoja."

Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya shule, wanafunzi wakipita. Nilitaka kumwambia kwamba nami nilikuwa namngoja, kwamba tulikaa miezi yote ile kwenye nyumba moja kila mtu akimwogopa mwenzake kwa huruma. Badala yake nikamwuliza amekula nini mchana, naye akaanza kunieleza, kirefu, na kengele ilipolia sikumkatiza.